Kutoka Fort Jesus hadi Bandari ya Kale kwa Miguu

Asiyetazama kitu huumaliza mwendo huu kwa robo saa. Mimi nilianza mapema, jua halijawa kali, na adhuhuri ikanikuta bado njiani, kwa maana Mji wa Kale wa Mombasa husomwa ukutani.

Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Tazama chini kwanza. Handaki na sehemu kubwa ya msingi vimechongwa ndani ya mwamba wa matumbawe wenyewe. Ukiinua macho utaona kuta zilizoongezwa kimo na Waomani, walioiteka ngome mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Kutoka hapo nikashika barabara ya Ndia Kuu. Nyumba za zamani zina kuta za matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita, na vyumba virefu vyembamba. Wembamba huo ulitokana na boriti za mikoko: boriti ikivuka zaidi ya mita tatu hivi, hupinda katikati. Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, kisha zege la chokaa hushindiliwa mpaka likaze. Uzito wa sakafu hiyo ndio unaodai ukuta mnene.

Roshani za mbao zilikuja baadaye. Nyingi ni za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, biashara ya Wahindi ilipopamba moto na reli ya Uganda ikaanza kujengwa mwaka 1896. Wageni hupiga picha nakshi za mbele. Mimi hutazama pale mhimili unapoingia ukutani, kwani maji ya mvua hutuama hapo na mbao huoza kwa ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa.

Karibu na Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa mwaka 1570 hivi, nilisimama muda mrefu kwenye pembe ya nyumba moja. Plasta ya saruji ilikuwa imebanduka kipande cha upana wa sinia. Nyuma yake chokaa ya kale ilikuwa unga, na chumvi nyeupe imeota kama ukoga. Unyevu hupanda kutoka ardhini. Chokaa huuacha utoke, saruji huufungia ndani. Chumvi inapoganda hutanuka na kuusukuma ukuta. Gonga kwa kidole: pakilia kama debe tupu, plasta imeshaachana na jiwe. Dawa yake ni kuibandua yote na kupiga upya chokaa iliyorowekwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa chumvi, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikilowanishwa isikauke haraka. Inauma kuona fundi akirudishia saruji juu ya kidonda kilekile.

Ndia Kuu ikaniteremsha hadi jumba la kale la Leven House, ukingoni mwa jabali, ngazi zake zikishuka majini. Meli kubwa zilihamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, kwenye kina kirefu. Hapa Bandari ya Kale hufika majahazi.