Nilivyowafundisha wazamiaji kuona kwa mikono

Nilipokabidhiwa kundi langu la kwanza la wazamiaji wa uokoaji, wote sita walikuwa waogeleaji hodari. Tulipowaingiza kwenye maji ya tope, watatu waliibuka kabla ya dakika tano wakihema, hewa ya mtungini imekwenda mbio. Kina kilikuwa mita 4 tu. Kilichowashinda ni giza. Kwenye tope la namna ile hata kiganja ukikileta mbele ya uso hukioni, na aliyezoea kuongozwa na macho akinyimwa macho hupumua kwa pupa.

Nikawarudisha nchi kavu. Nilifunika vioo vya miwani yao kwa karatasi nyeusi, wakatambaa kwenye nyasi huku mkono mmoja umeshika kamba na mwingine unapapasa, wakitafuta suruali iliyojazwa mchanga. Mwanzoni walicheka. Siku ya tatu walikuwa kimya, maana walishaona kuwa kazi kubwa iko kwa mshika kamba, yule anayebaki ukingoni na ncha ya pili. Yeye ndiye anayempitisha mzamiaji kwa nusu duara, huku na huku, na kila akimgeuza huvuta kamba kidogo ili njia mpya ipande juu ya ile iliyopita. Kamba ikilegea, mzamiaji hukata kona bila kujua. Sehemu iliyorukwa inaweza kuwa ndiyo yenye mtu.

Ishara zetu zilikuwa nne tu: mvuto mmoja, niko salama, miwili, geuka, mitatu, nimepata, minne, nina shida. Sikuruhusu ya tano.

Zoezi la nyavu ndilo lililonitia hofu. Kijana mmoja alinaswa kwenye valvu ya mtungi, nyuma ya kisogo, akajizungusha ili ajinasue. Kujizungusha ndiko kunakokufunga zaidi. Nilihesabu mapovu yake: mengi, mengi, kisha yakapungua, yakaja kwa zamu. Alikuwa ametulia. Akarudi nyuma kidogo alikotoka, mkono ukapanda taratibu, mkasi ukafanya kazi. Mzamiaji wa akiba alishavaa kila kitu, yuko ukingoni tayari kuifuata kamba hadi kwake. Tangu siku hiyo kila mmoja hubeba vikatio viwili, kila kimoja mahali ambapo mkono wowote unafika.

Hewa tuliigawa mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu haliguswi. Hilo sikulilegeza hata ndugu za aliyezama wakilia ukingoni. Muda wa kuokoa ukishapita, kazi inakuwa ya kuopoa mwili, na hapo hakuna haraka yoyote inayostahili kumtoa mzamiaji roho.

Kwenye mtihani wa mwisho yule kijana wa nyavu alishuka kutafuta ile suruali ya mchanga, mimi nikiwa nimeshika kamba. Dakika 11 kamba ilikuwa imekaza, inatembea polepole. Kisha ikasimama. Nikaihisi kiganjani: moja, mbili, tatu.