Kibao cha buluu London: jina hupita vipi?

Nyumba namba 95, Cambridge Street, Pimlico, ina kibao cha duara ukutani: Jomo Kenyatta aliishi hapo 1933 hadi 1937. Mpango huu wa kuweka vibao kwenye nyumba walimoishi watu mashuhuri ulianza 1866, na sasa uko chini ya English Heritage, shirika la hisani linalotunza majengo ya kihistoria.

Unayempendekeza awe amefariki angalau miaka 20 iliyopita. Wengi hukwama kwenye nyumba: ikishabomolewa na kujengwa upya, hata anwani ikiwa ileile, haifai. Sharti zuri hilo, maana kinachoenziwa ni kuta zenyewe alimoishi. Mwenye nyumba naye lazima aridhie.

Kibao ni cha kauri, kipenyo milimita 495, unene 50. Ukuta huchimbwa kikazama humo. Uso umebinuka kidogo ili mvua iusafishe. Pendekezo likikataliwa, subiri miaka 10.