Umati Unaoweza Kuondoka

Jana mada yetu ilikuwa umati. Si nyimbo zinazotaja umati, bali rekodi za laivu ambazo ukiziondolea kelele za watu, wimbo wenyewe unapungua. Leo ni Jumapili, nimeamka bado nabishana kimoyomoyo na watu ambao hawapo hapa, kwa hiyo acha niandike.

Kwa asiyetujua: tunakutana Jumamosi jioni Kirumba, hapa Mwanza, nyuma ya kibanda cha fundi simu, si mbali na Mwaloni. Fundi ana sabufa mbili alizozifufua mwenyewe na amplifaya ya zamani ambayo lazima ipate moto kwanza ndipo iache kukoroma. Kila mmoja anakuja na orodha yake kwenye flashi au kwenye simu, nyimbo chache tu, juu ya mada tuliyokubaliana wiki iliyotangulia. Roki ndiyo iliyotukutanisha, ila hatumfukuzi mtu aliyeleta dansi au kwaya. Sheria inayolindwa ni moja: hakuna kueleza kabla wimbo haujaisha. Piga kwanza, tusikilize, ndipo tukuulize.

Tumeshapita mada za mvua, za treni, za mama. Ile ya ziwa ndiyo iliyonifanya nione kwamba orodha yenye mada inafanya kazi ambayo kusikiliza peke yako hakuifanyi. Fundi alipiga "Smoke on the Water" ya Deep Purple. Mlio ule wa gita kila mtu anaujua, hata vijana wanaojifunza gita kanisani huanza nao. Lakini wangapi wanajua maneno yake yanasimulia nini? Tarehe 4 Desemba 1971, kwenye kasino ya Montreux, Uswisi, Frank Zappa alikuwa jukwaani na kundi lake. Mtu mmoja ndani ya ukumbi akafyatua fataki kuelekea darini, jengo likashika moto. Deep Purple walikuwa wamekuja mjini kurekodi albamu humo humo kasinoni. Badala yake wakajikuta wanautazama moshi ukitambaa juu ya Ziwa Geneva. Dada yetu muuguzi akasema, "Kwa hiyo ni kama mtu aliyekaa Capri Point akaona moto ng'ambo ya ghuba, akaamua kuutolea taarifa." Tangu siku hiyo siusikii tena kama wimbo wa gita. Nausikia kama taarifa ya mtu aliyekuwepo.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu hakuleta roki. Alileta wimbo mmoja wa kwaya, basi. Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza, alikuwa mtoto Bwiru. Wimbo ulipoisha hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Turudi kwenye jana. Mwanachuo wetu wa Malimbe alifungua kwa bendi ya Queen, tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, 13 Julai 1985. Hakupiga wimbo. Alikata kile kipande tu ambacho mwimbaji wao, Freddie Mercury, anaurusha mlio wa koo bila maneno, na watu zaidi ya 70,000 wanaurudisha. Kisha anaupandisha, anaupindua, nao wanamfuata. Bendi imenyamaza kabisa. Onyesho lao lote lilikuwa la dakika kama 21, jua halijazama, bila taa za kupamba jukwaa, na kipande hicho kifupi ndicho watu wanachokikumbuka. Mtu aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara amesimama London anaimbisha dunia. Mzee wetu, aliyepiga gita la besi kwenye bendi za dansi enzi zake, kwa kawaida husubiri wote tuseme. Jana hakusubiri. Alisema, "Huyo ni ningi." Wasukuma waliokuwepo wakaitikia kwa kicheko cha kukubali, maana ningi ndiye anayeanzisha wimbo, na bila waitikiaji hana kazi.

Muuguzi akaja na Bob Marley, ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975. Tukaguna kidogo: si roki, na kila daladala la Mwanza imeshaupiga "No Woman, No Cry". Akatunyamazisha vizuri. Toleo la studio la mwaka 1974 lina ngoma za mashine na linakwenda upesi zaidi. Wengi wetu hatukuwahi kulisikia. Lile tunalolijua sote, la harusini na la kwenye simu, ni la jukwaani, ambapo watu wanaanza kuimba kiitikio hata kabla Marley hajafungua mdomo. Wanaosema Watanzania hawajali muziki wa laivu hawajajiuliza kwa nini wimbo huo uliingia kila nyumba kwa sura hiyo.

Yangu ilikuwa Manchester, 17 Mei 1966. Bob Dylan alikuwa na desturi mpya: nusu ya kwanza anakaa peke yake na gita la kawaida na harmonika, nusu ya pili anapanda na bendi na magita ya umeme. Waliompenda kwa nyimbo za kitamaduni waliona wamesalitiwa. Kanda ya usiku ule ilizunguka miaka mingi kwa magendo ikiwa na lebo ya ukumbi mwingine, Royal Albert Hall wa London, hadi ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Nilichowapigia si wimbo, ni nafasi iliyo kati ya nyimbo mbili kuelekea mwisho. Unasikia gita likiguswaguswa, watu wanapiga makofi ya polepole ya kuudhi. Halafu sauti moja ya mwanaume kutoka gizani: "Yuda!" Wengine wanacheka, wengine wanashangilia. Dylan anasogea kwenye maiki, anamwambia hamwamini, kisha kwamba ni mwongo. Anawageukia wenzake awaambie wapige kwa nguvu. Na wanapiga, jamani. Pigo la kwanza la dramu linaingia kama mlango uliosukumwa kwa bega.

"Kaka, rudisha hapo," muuguzi akasema. Tukarudisha. Akataka tena.

Mwalimu ndiye aliyesema neno lililonikaa: "Lakini yule aliyemwita Yuda alikuwa bado hajaondoka." Ni kweli. Alilipa, akakaa, akachukia, akasubiri utulivu ili asikike. Huo nao ni upendo wa aina yake kwa muziki, na nausikia wazi kwenye ile kanda kuliko kwenye shangwe nyingi.

Fundi akafunga na Jimi Hendrix, Woodstock, Agosti 1969. Tamasha lilipangwa kwisha Jumapili usiku. Mvua na ucheleweshaji vikasukuma ratiba, na Hendrix, aliyetakiwa kuwa wa mwisho, akapanda Jumatatu asubuhi tarehe 18. Umati wa mamia ya maelfu ulikuwa umeshayeyuka. Waliobaki walikuwa sehemu ndogo tu, kwenye matope na takataka. Pale ndipo alipopiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gita, akilifanya lipige mayowe ya ndege na mabomu, Vietnam ikiwa inaungua. Ukiitazama picha maarufu unadhani dunia nzima ilikuwa mbele yake. Dunia nzima ilikuwa barabarani inarudi nyumbani.

Hapo ndipo ubishi ulipowaka, na ndilo jambo ninalotaka kuliweka hapa. Mwanachuo alisema rekodi ya laivu ni nusu udanganyifu, maana umati unaweza kuongezwa studio. Alikuwa na mfano mzuri. Johnny Cash alirekodi ndani ya gereza la Folsom, California, 13 Januari 1968. Kwenye ule mstari wa "Folsom Prison Blues" wa kumuua mtu mjini Reno, unamsikia mfungwa akipiga ukelele wa furaha. Ukelele ule ulibandikwa baadaye wakati wa kuchanganya sauti. Wafungwa wenyewe walikuwa waangalifu, askari wakiwa wamesimama pale. Iliniuma kusikia, sifichi. Nikamjibu kwa bendi ya The Who, chuo kikuu cha Leeds, 14 Februari 1970: kwenye lebo ya santuri waliandika kwa mkono kwamba mikwaruzo inayosikika ni sawa, isirekebishwe. Kuna anayepaka rangi na kuna anayekuachia ukuta kama ulivyo. Mimi niko na wa Leeds.

Lakini swali la mwanachuo lina mzizi mrefu kuliko Folsom. Hata rekodi iliyo safi kabisa inahifadhi waliobaki tu. Aliyeondoka hana sauti kwenye kanda. Ndiyo maana nilipofika nyumbani niliwaza sana Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma.

Aliyewahi kufika Bujora, pale Kisesa, majira ya sikukuu ya Ekaristi, anajua. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili za tangu zamani, Bagika na Bagalu. Siku ya mashindano pande hizo hazipokezani jukwaa. Zinacheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Miguu yako ndiyo kura. Nimesimama pale, vumbi limenijaa kooni, nikaona wachezaji wa bugobogobo wakirusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza pigo, nikasema sibanduki. Upande wa pili ukasikika mlipuko wa kelele: wamemtoa chatu. Watu wakakimbia, watoto mbele. Nilimtazama manju, kiongozi wa wimbo, wa upande wangu. Aliona duara lake linapwaya. Hakuukatisha wimbo. Alimsogelea mpiga ngoma kubwa, akainama sikioni mwake, na baada ya muda mfupi pigo likabadilika, zito zaidi, la chini zaidi, na wachezaji wakashusha magoti pamoja. Waliokuwa wamefika katikati ya njia wakasimama. Baadhi wakarudi.

Laivu kwangu ni hiyo. Siyo kwamba vyombo vinapigwa kweli, ingawa hilo nalo lina uzito. Ni kwamba watu wanaweza kuondoka, na aliye jukwaani anaweza kuliona hilo na kufanya kitu. Ndiyo maana pleibeki inanikata moyo. Niliwahi kulipa kiingilio hapa mjini kumwona msanii ninayempenda. Akaishusha maiki kiunoni na sauti yake ikaendelea kutoka kwenye spika. Sikukasirishwa na uongo wenyewe. Nilihuzunika kwa sababu, watu walipoanza kupoa, hakuwa na namna. Wimbo ulishapangwa hadi sekunde ya mwisho, na hakukuwa na mpiga ngoma wa kumwinamia sikioni.

Roki ya jukwaani kwa mtu wa Mwanza iko mbali. Nairobi wana bendi zao za roki na metali. Zambia walikuwa na wimbi lao zima miaka ya 1970, na bendi ya WITCH mbele, mwimbaji wao akiitwa Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe, Zanzibar, limeshikilia muziki wa laivu tangu 2004, na nilipokwenda nilirudi na koo limekauka kwa furaha. Lakini kutoka hapa ni barabara ya zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam, kisha boti. Kwa wengi wetu pale kibandani, tamasha la roki ni kitu cha masikioni tu.

Na bado Mzee anakataa kuiita njaa. Kwenye mada ya miji alitupigia Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, akatukumbusha kwamba walipelekwa Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1970. Miaka miwili baadaye, Agosti 1972, Deep Purple wakarekodi mji huo huo sehemu kubwa ya albamu yao ya laivu iliyopewa jina la Japani. Tukazisikiliza moja baada ya nyingine. Bendi zetu zilikuwa zikiingia studio ya redio Dar es Salaam, vyombo vyote vinapigwa kwa pamoja, mara moja, imekwenda. Ukiwa umeshazoea kusikiliza hivyo, gita la Mbaraka linakaa jirani kabisa na la Ritchie Blackmore wa Deep Purple: yote mawili yanamsubiri mpiga dramu, yanamjaribu, yanamkimbia, yanarudi. Mzee akaniambia, "Mwanangu, sisi ukumbi ukikaa chini baada ya nyimbo mbili tulikuwa tunaangaliana tu. Hakuna aliyesema. Besi inajua cha kufanya."

Nimegundua orodha zetu nazo ziko hivyo. Unaweka wimbo mbele ya watu watano wanaoweza kutoa simu zao wakaanza kuperuzi. Unawaona. Wimbo unaofuata unauchagua ukiwa umewaona.

Mada ya Jumamosi ijayo imetoka moja kwa moja kwenye ubishi wa jana: umati usiokutaka. Dylan nimeshamtumia, sitamrudia. Namtaka Hendrix wa Julai 1967, alipokuwa akiwafungulia onyesho bendi ya The Monkees na wasichana wadogo wakiwaita Monkees huku yeye yuko jukwaani, ila sina kanda ya lile tukio, kwa hiyo itabidi nisimulie, na sheria yetu hainiruhusu. Mzee ndiye ametushangaza. Anayo kaseti ya bendi yake, usiku mmoja ambao ukumbi uliwatoka taratibu hadi wakabaki wao na wahudumu. Hajawahi kumpigia mtu. Amesema ataileta. Tatizo ni deki ya Fundi, mkanda wake wa mpira umekatika, na madukani Mwanza hivi sasa haupatikani kwa urahisi. Mwenye deki mbovu ya kaseti iliyolala kabatini, Kirumba au hata ng'ambo ya Kamanga, tunaomba atupitishie kabla ya Ijumaa.