Kutoka Kajjansi hadi Soroti kwa ramani na dira

Jumamosi tulishindana kuruka kutoka Kajjansi hadi Soroti, nchini Uganda, kwa ndege nyepesi, vifaa vya setilaiti vikiwa vimezimwa, tukitegemea ramani ya karatasi, dira na saa ya mkononi. Mshindi hakuwa aliyetangulia kufika, bali yule ambaye muda aliouandika kabla ya kupaa ulikaribiana zaidi na muda wake halisi. Rubani wetu alishika usukani wa Cessna 172, nami nikasoma ramani.

Nile haikutusumbua, kwani mto mpana namna ile haupotei machoni. Kazi ilikuwa Ziwa Kyoga, ambalo kingo zake zimejaa mafunjo na vichaka vinavyoelea, hata ufuo unaouona chini haulingani kila mara na mstari uliochorwa. Hapo niliirudia kanuni ya zamani: ukikosea mwelekeo kwa digrii 1, baada ya maili 60 utakuwa umepotoka takribani maili 1. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukitusukuma kushoto, hivyo nikamwomba rubani aelekeze pua ya ndege digrii 4 kulia, naye akafanya hivyo bila kuuliza (jambo adimu kwa marubani).

Mwamba wa Soroti ulichomoza karibu kabisa na pale nilipoutarajia. Tulishika nafasi ya tatu, na waliotushinda walistahili.