Nikimfuata Calder: Philadelphia, Grand Rapids, Chicago

Ukitaka kumjua Alexander Calder, msanii wa sanamu wa Marekani, anza na babu yake. Ndiyo maana safari yangu niliianzia Philadelphia, mbele ya makao makuu ya jiji, shingo nimeikunja nyuma hadi inauma. Kule juu kabisa ya mnara amesimama William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, wa shaba nyeusi, urefu wake mita 11 na ushee. Walimpandisha huko mwaka 1894. Aliyemtengeneza ni Alexander Milne Calder, mhamiaji kutoka Scotland, na hakuishia hapo: kuta za jengo zima amezijaza sanamu zaidi ya 250.

Ukishuka na barabara pana ya Benjamin Franklin Parkway unafika Logan Circle, kwenye chemchemi ya Swann ya mwaka 1924. Maji ya eneo hilo, mito ya Delaware, Schuylkill na Wissahickon, yamefanywa watu waliojilaza, na pembeni vyura na kasa wanatema maji. Hiyo ni kazi ya mtoto wa Milne, Alexander Stirling Calder. Nyoosha na barabara hiyohiyo hadi jumba la makumbusho ya sanaa, inua macho kwenye ngazi kuu, utaona vipande vyeupe vya bati vinavyoning'inia na kugeuka taratibu kila hewa inapopita. Kazi hiyo inaitwa Ghost, ya mwaka 1964. Hiyo sasa ni ya mjukuu.

Babu, baba na mwana, wote jina Alexander, wote sanamu, barabara moja. Tangu Septemba 2025 mjukuu ana mahali pake mwenyewe hapo karibu na chemchemi, Calder Gardens, sehemu kubwa yake ikiwa imezamishwa chini ya bustani. Nilipita, nikapendezwa, lakini sikuwa nimefunga safari kwa ajili ya majumba. Mimi kazi yangu ni kuchomelea: mageti, grili za madirisha, matangi. Nilitaka kuona chuma kilichosimama nje, kinachopigwa na jua na mvua, na kikubwa kiasi kwamba fundi akikitazama anajiuliza kilisimamishwaje.

Mjukuu huyo, ambaye nyumbani walimwita Sandy, alizaliwa mwaka 1898. Krismasi ya mwaka 1909, akiwa na miaka 11, aliwapa wazazi wake mbwa na bata aliowakata kwenye bati la shaba na kuwakunja. Bata ukimgusa anayumba. Nikiziangalia picha za bata yule naona kazi zake zote za baadaye zimo humo: bati moja, mikato michache, mkunjo, halafu kitu kisimame chenyewe bila msaada. Lakini ukubwani hakukimbilia sanaa. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Stevens, Hoboken, akahitimu 1919, akahangaika na kazi za kila aina, ikiwemo ya kwenye chumba cha boila cha meli. Sanaa alikuja kuingia darasani kuisoma mwaka 1923, New York.

Miaka michache baadaye yuko Paris, anatengeneza sarakasi nzima ya waya, vitambaa na vizibo. Wanasesere wake wanaruka, wanadaka kamba, simba ananguruma, na mngurumo wenyewe anaupiga yeye. Aliibeba kwenye masanduku na kuichezesha mbele ya wageni, na miongoni mwa waliokaa kuitazama walikuwemo vigogo wa sanaa wa enzi hizo. Leo iko katika jumba la Whitney, New York. Mwaka 1930 alitembelea studio ya mchoraji Mondrian, akaona karatasi za rangi ukutani, akawaza ingekuwaje kama zingekuwa zinatembea. Kutoka hapo zikazaliwa sanamu zake za kuning'inia. Zile za kusimama, za chuma kizito, zilikua kidogo kidogo hadi zikalingana na majengo, na miaka yake kumi na tano ya mwisho karibu yote ilikwenda huko. Mwaka 1962, mjini Spoleto, Italia, alisimamisha moja ya mita 18 ambayo magari yanapita chini ya miguu yake.

Kuhusu safari ya kutoka Philadelphia hadi Michigan sina la kusimulia. Ndege ni ndege.

Grand Rapids niliingia kwa gari la kuagiza kwa simu. Dereva alikuwa anaongea na mtu kwenye spika, na sekunde chache zilinitosha kutambua Kiswahili cha Kongo. Wakongo ni wengi mji ule. Alipokata simu nikamsalimia.

"Habari za kazi, kaka?"

Alipunguza mwendo kabisa, akageuka. "Ndugu! Unaenda wapi?"

Nikamwambia Calder Plaza.

"Kuona ile kitu nyekundu?"

"Unaifahamu?"

"Nani hapa haijue? Mimi nilianza kuiona ku gari ya takataka." Akacheka. "Nikasema, hii mujini yao inapenda sana takataka, mpaka wanaichorea maua. Kisha siku moja batoto bangu bakanionesha yenyewe. Banapenda kukimbia mule chini."

Hakuwa anatania. Nembo ya jiji la Grand Rapids imebeba mchoro wa sanamu ile, na unaikuta kwenye magari ya jiji, ya taka yakiwemo. Sijui msanii gani mwingine wa kisasa amepewa heshima ya kuamsha watu asubuhi kwa mlio wa gari la taka. Nadhani Sandy angefurahi.

Sanamu yenyewe inaitwa La Grande Vitesse, na ilizinduliwa Juni 1969. Ina kimo cha mita 13, urefu wa mita 16 na nusu, na uzito wa tani 42. Ukiitazama kutoka ng'ambo ya uwanja unaona mapaja, mabawa, pua, mkia, kila kitu kimepinda, hakuna kona ya mraba hata moja, na yote ni nyekundu. Inachekesha. Imejaa utani wa waziwazi katikati ya majengo ya ofisi ambayo, nisamehewe na wasanifu wake, hayana utani wowote.

Kisha nikasogea, na hapo ndipo fundi ndani yangu alipoamka. Kwa mbali unadhani mtu amechukua mkasi akakata karatasi. Kwa karibu unaona pleti, yaani mabamba ya chuma, nene na zimepishana na kufungwa kwa bolti, safu kwa safu, na kila kichwa cha bolti kimepakwa rangi ileile nyekundu. Mgongoni mwa kila mpindo mkubwa kuna mbavu: vipande vya pleti vilivyosimamishwa kwenye pleti mama, vyembamba mwanzoni, vipana katikati, vyembamba tena mwishoni. Niliweka kiganja kwenye mmoja wa mbavu hizo. Ulikuwa umeshika joto la jua, na rangi yake ilikuwa butu, haing'ai.

Mbavu hizo ndizo siri ya kazi nzima. Pleti kubwa iliyosimama wima inafanya kazi ya tanga. Upepo ukiipiga inataka kujikunja. Unaweza kuzidisha unene, lakini uzito nao unapanda na miguu inaelemewa. Fundi mzoefu anaacha pleti ilivyo, anaiwekea uti wa mgongo. Calder alikata kielelezo kidogo cha bati kwa mkasi wa mkono, karakana ikakikuza hatua kwa hatua, na mbavu zikaongezwa pale panapohitaji nguvu. Alishiriki mwenyewe kuamua zikae wapi, maana mbavu nayo inaonekana, ni mstari katika mchoro. Mwingine angezificha. Yeye aliziacha nje, na ukizizoea macho unaanza kuziona kama mishipa ya jani.

Na kwa nini bolti, wakati angeweza kuchomelea kila kitu? Sababu ya kwanza ni safari. Sanamu hii ilitengenezwa Ufaransa, katika karakana ya Biémont mjini Tours, jirani na nyumba yake ya Saché, na kazi ya tani 42 haivuki Atlantiki ikiwa nzima. Iligawanywa, ikapakiwa, ikaja kuunganishwa uwanjani kwa winchi. Sababu ya pili inajulikana kwa kila aliyewahi kushika holda ya kuchomelea: moto unakunja pleti. Chomelea mshono mrefu kwenye bati pana, likipoa limekuwa na mawimbi. Bolti haikunji kitu.

Hela zake zina historia. Mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani ulitoa dola 45,000, na ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza kabisa ya programu yake ya sanaa katika maeneo ya umma. Zilizobaki zilichangwa na wenyeji. Mbunge wa eneo hilo wakati huo alikuwa Gerald Ford, rais wa baadaye, ambaye alikiri bungeni kwamba mwanzoni hakuwa anajua hata Calder ni kitu gani. Siyo wote walioshangilia. Uwanja wenyewe ulitokana na bomoabomoa ya mji wa zamani, na jengo la kale la halmashauri lenye mnara wa saa lilivunjwa mwaka huohuo wa 1969, ingawa mama mmoja, Mary Stiles, alijifunga mnyororo kwenye tufe la kubomolea kuwazuia. Hilo nimelibeba kichwani hadi leo. Naipenda sanamu, lakini inakaa kwenye jeraha, na sidhani ni haki kuipongeza bila kulitaja.

Pembeni kuna jengo la utawala ambalo paa lake Calder alilichora mwaka 1974 kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mtu aliyesimama uwanjani halioni. Limewekwa kwa ajili ya ndege na wafanyakazi wa ghorofa za juu, na mimi si mmoja wao.

Treni ya kwenda Chicago, Pere Marquette, inaondoka alfajiri. Inapita Holland, inagusa St. Joseph kando ya Ziwa Michigan, na ukivuka kuingia Indiana unarudishiwa saa moja kwa sababu saa za Chicago ziko nyuma. Nililala karibu njia nzima.

Kutoka stesheni ya Union unavuka mto, unafuata mtaa wa Adams kuelekea mashariki. Kwanza unapita mnara uliokuwa ukiitwa Sears. Ukumbini mwake ilikuwepo kazi nyingine ya Calder, Universe, iliyozungushwa na mota. Waliiondoa mwaka 2017. Zote mbili, hiyo na ile niliyoifuata, Flamingo, zilizinduliwa Oktoba 1974, na jiji lilimfanyia mzee maandamano ya sarakasi, akapitishwa mitaani kwenye gari la farasi. Alikuwa na miaka 76, na bado sarakasi ndiyo iliyomleta.

Kisha mtaa wa Adams unakutana na Dearborn, na hapo Flamingo, yenye jina la ndege heroe, inakuvamia. Mita 16, tani 50, nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa. Nyuma yake na pembeni yake yamesimama majengo ya serikali kuu aliyoyasanifu Mies van der Rohe: chuma cheusi, vioo, mistari iliyonyooka kutoka chini hadi juu, bila mpindo hata mmoja. Mies alifariki 1969, hakuyaona yakikamilika, wala hakumwona huyu ndege. Kila jengo lina mamia ya madirisha sawasawa, na mbele yake kuna kitu ambacho hakina pande mbili zinazofanana. Ukiniuliza, majengo yamefaidika zaidi. Bila Flamingo pangekuwa mahali pa kupita haraka ukiwa na barua ya mahakama mkononi.

Kukaa chini yake ndiko kunakofaa. Matao yake yanashuka hadi sakafuni kwa ncha ndogo kiasi kwamba unaanza kuhesabu tani kichwani. Watu wa ofisini wanakatiza humo na kahawa zao bila kuinua macho. Mtoto mmoja alikuwa anazunguka mguu mmoja mbio huku mama yake akimsubiri, na alipochoka akatangaza kwamba ni buibui. Mama akasema ni ndege. Mtoto akauliza manyoya yako wapi.

Nilitafuta kasoro za rangi kama kawaida yangu. Nyekundu ni rangi ngumu nje: jua linaifubaza, na ukiirekebisha sehemu moja, kiraka kinaonekana toka mtaa wa pili, hivyo mara nyingi lazima upake yote upya. Ubutu nao ni mtihani. Rangi inayong'aa inadumu na kuoshwa kirahisi, lakini inaonyesha kila kibonyeo cha pleti. Rangi butu inaficha mawimbi na kumwachia mtu umbo peke yake, ila inachafuka upesi. Jumba la taifa la sanaa la Washington liliwahi kushirikiana na maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani kutafuta rangi butu itakayostahimili nje, kwa kuwa jeshi nalo halitaki magari yake yang'ae.

Calder alifariki Novemba 1976, majuma machache baada ya Whitney kumfungulia onyesho kubwa la kazi za maisha yake yote.

Mchana nilipanda na Dearborn kwenda Daley Plaza, kwenye sanamu ya Picasso ya mwaka 1967. Ni mita 15 na tani 162, na haijapakwa rangi: ni chuma cha aina inayoota kutu ya juu kisha kutu hiyohiyo inakilinda. Watoto wanaitelezea pale chini, kwenye mteremko wake. Ni kazi nzito, na haigharimu hata kopo moja la rangi. Mhasibu wa jiji atampenda Picasso. Mimi nilirudi Adams kuangalia tena zile bolti nyekundu kabla ya jua kuzama, safari hii upande wa posta, ambako asubuhi palikuwa na kivuli.