Nilivyootesha kibuyu changu cha mursik

Nilipohamia Marigat, Baringo nchini Kenya, kikazi, nilitaka kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Vibuyu nilivyokuta sokoni vilikuwa vya pambo. Vimepakwa vanishi ndani na nje, vimevishwa shanga, na ukivinusa utadhani umeingia duka la fanicha. Vibuyu vya kweli vilikuwa majumbani kwa wazee, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuviuza. Nyumba nyingine zote zilikuwa zimehamia madumu ya plastiki. Mursik ya kwenye dumu hunywika, sikatai, ila haina ule ukali wenye harufu ya moshi. Mimi ni mtu wa Pwani, nilikozoea kibuyu cha mgema kikipanda na kushuka mnazini, kwa hiyo sikuona ajabu kwamba chombo kinaweza kuoteshwa shambani. Nikaamua kuotesha changu.

Mbegu alinipa jirani yangu, bibi ambaye mtaa mzima tunamwita Kogo. Alikuwa na vibuyu vizee vilivyopasuka, amevitunza kwa ajili ya mbegu tu. "Mwalimu, chukua za huyu mwenye shingo ndefu," akaniambia. "Wale wengine watakupa chupa za watoto." Ganda la mbegu hizi ni gumu. Nilizikata pembe kidogo kwa kikata kucha, nikaziloweka usiku kucha, nikazipanda mvua za masika zilipoanza, kwenye mashimo yenye samadi ya mbuzi. Joto la Marigat linaufaa mmea huu; kule nyanda za juu kwenye baridi, ambako mursik hunywewa sana, hukua kwa kusuasua.

Kibuyu kikilala chini, tumbo huwa bapa na shingo hupinda. Kikining'inia, uzito wake wenyewe huivuta shingo ikanyooka. Kwa hiyo nilisimika nguzo na kupitisha fito juu, zote za mathenge, kwa sababu Marigat ukihitaji mti, mathenge ndio huo. Ni mgeni kutoka Amerika, aliyeletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, naye akageuka kero. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi, na mwaka 2006 wananchi wa hapa waliishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Kwa nguzo, hata hivyo, sina la kuulaumu isipokuwa miiba.

Mmea ukishapanda juu, kata ncha ya shina kuu. Shina kuu huzaa zaidi maua dume. Maua jike hupenda matawi ya pembeni, na matawi hayo hutoka kwa wingi ukishaikata ile ncha. Kuyatofautisha ni rahisi: ua jike lina kibuyu kidogo chenye manyoya nyuma yake, saizi ya kidole gumba. Maua ni meupe, hufunguka jua linapotua na kesho yake asubuhi yamenyauka, kwa hiyo nyuki wa mchana hawana msaada mkubwa. Kazi ni ya nondo. Kwangu nondo hawakutosha, vibuyu vichanga vilikuwa vikigeuka njano na kudondoka, nikawa natoka nje jua likizama, na tochi. Nachuma ua dume, naling'oa petali, nalisugulia katikati ya ua jike. Kogo alikuwa akinicheka kutoka upande wake wa uzio, lakini vibuyu vilianza kushika.

Baada ya hapo ni kungoja, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Kibuyu kikishakuwa kikubwa kinatamanisha, na ukikichuma kikiwa kibichi kitasinyaa au kuoza. Kikonyo lazima kikauke kabisa na kuwa kahawia, na ukiminya ganda kwa ukucha lisibonyee. Vyangu niliviacha juu hadi majani yote yakaisha. Nikavichuma na kikonyo chake, nikavipanga kwenye kichanja kivulini, penye upepo. Viliota ukungu mweusi na kijivu, vikawa vya kutisha. Ukungu wa juu hauna neno. Unaufuta kwa kitambaa, unageuza kibuyu, unaendelea na shughuli zako. Kikilainika mahali, hicho tupa. Inachukua miezi. Siku ukikitikisa na kusikia mbegu zikicheza ndani, na ukikinyanyua ukahisi chepesi mno kwa ukubwa wake, kimekauka.

Kabla ya kukikata nililoweka ganda ili nilikwangue, na hapo karaini ndipo nilipoelewa jambo nililokuwa nimelisoma tu. Kibuyu hakizami. Ukikisukuma chini kinaruka juu, ndani kuna hewa na mbegu kavu zilizofungiwa. Asili yake ni bara hili letu. Jamii yake ya porini imepatikana Zimbabwe. Lakini Amerika watu walikuwa wakitumia vibuyu tangu takriban miaka 10,000 iliyopita, kabla ya kuwa na vyungu vya udongo. Wataalamu walibishana kwa miaka vilifikaje huko. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2005 ulisema vilitoka Asia na wahamiaji wa kale. Mwingine wa 2014, uliosoma sehemu kubwa zaidi ya vinasaba, ukaonyesha ni ndugu wa vile vya Afrika, na kwamba huenda vilielea vyenyewe kuvuka Atlantiki. Majaribio ya miaka ya 1950 yalikuwa tayari yameonyesha kwamba kibuyu kinaweza kuelea kwenye maji ya bahari zaidi ya miezi 7 na mbegu zake bado zikaota. Ukipambana nacho karaini, huoni sababu ya kubisha.

Nilikikata mdomo kwa msumeno wa chuma, wenye meno madogo, taratibu. Mbegu na utando vilitoka kwa kijiti, kisha nikatia kokoto na maji nikakitikisa mpaka mikono ikauma. Kazi kubwa ni kuondoa uchungu. Vibuyu vya vyombo vina kukurbitasini, sumu ileile inayofanya tango moja moja liwe chungu, na kwenye kibuyu inaweza kuwa nyingi ya kukuumiza tumbo vibaya. Mung'unye tunaokula ni mmea huohuo, ila ni wa mbegu zilizochaguliwa kwa utamu. Hata huo ukiukuta mchungu, usiule. Nilijaza maji ya uvuguvugu, baadaye ya moto, nikayaacha yalale, nikamwaga, nikarudia hadi maji niliyoonja na kuyatema yakawa maji tu. Nje nilikipaka samli.

Sasa mkaa. Mti unaotumika hapa ni senetwet, kichaka chenye maua ya njano na vitumba vyeusi, kimejaa kandokando ya barabara. Ukipondaponda jani lake linanukia kama njugu zilizokaangwa. Jani hilo ni dawa kali ya kuharisha, lisichezewe. Kinachotakiwa ni tawi kavu. Kogo alichoma ncha ya tawi mpaka ikawa kaa jekundu, akaitia kibuyuni, kisha akaisaga kwenye kuta za ndani za kibuyu kwa sosiot, ufagio mwembamba wa kuti la mtende mwitu. Moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu, yeye anazungusha mkono bila kuharakisha, mpaka ndani kote kukawa na poda nyeusi laini. Alikung'uta iliyozidi. Nilijaribu mwenyewe cha pili na nikaacha mabaka. Akakichukua bila kusema neno akakirudia.

Maziwa huchemshwa, hupozwa kabisa, ndipo yamiminwe na kibuyu kufungwa kwa kifuniko cha ngozi. Siku chache yameshika. Unatikisa kwanza, yanatoka mazito yenye rangi ya kijivu ya mkaa. Warundi na Wanyarwanda wana igisabo, kibuyu kikubwa wanachosukia maziwa wapate siagi, na Wagogo hufanya kibuyu kuwa tumbo la zeze. Kitui kikundi cha akina mama cha Kyanika kiliwahi kukusanya mbegu za aina nyingi mno za vibuyu ili zisipotee. Hapa kwetu ni maziwa tu, na inatosha.

Kimoja changu kilipata ufa shingoni kilipoanguka kutoka msumarini. Kogo alitoboa vitundu pande zote mbili kwa sindano ya moto, akakishona kwa uzi uliopakwa nta, akajaza nta nyingine juu ya mshono. Hakivuji. Msimu huu nimeshapanda tena, na maua ninayotaka mbegu zake nayafunga kwa uzi kabla hayajafunguka, maana jirani wa upande wa pili amepanda mung'unye na nondo hawajui mpaka wa shamba.