Daftari langu la mvua, Kadutu, mjini Bukavu, Kongo

Mwezi wa saba, chemchemi yetu ilipobaki kudondoka kama uzi, Mama Neema aliniambia, "Mvua imetukatalia, dada." Nilishindwa kukubali. Mwezi wa nne mvua ileile ilikuwa imebomoa ukuta wake. Sasa maji yale yalikwenda wapi?

Nikachukua kopo la maziwa lililonyooka kuanzia chini hadi juu, nikaliweka mbali na mti na paa. Kila asubuhi nachovya rula, naandika milimita, namwaga. Milimita moja kwenye meta moja ya mraba ni lita moja.

Baada ya misimu miwili daftari lilinijibu. Katikati ya Novemba, wakati ambao mama yangu alizoea manyunyu karibu kila siku, niliandika sufuri siku kumi na mbili mfululizo. Halafu alasiri moja, milimita 52. Hewa ikipata joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii, kwa hiyo ikimwaga humwaga kwa pupa. Na mlima wetu hauna tena miti, ni nyumba juu ya nyumba. Udongo haupati muda wa kunywa. Maji yanakimbilia mto Kawa, yanaingia ziwa Kivu, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi. Humo yanabeba tope na chupa za plastiki hadi kwenye mabwawa ya umeme. Maji tuliyoyalilia Julai yalikwisha kushika njia ya ziwa Tanganyika.

Upande mmoja wa paa langu una meta 30 za mraba. Siku ile ya milimita 52 zilishuka lita 1,560. Mapipa yangu matatu yakashika 600. Iliniuma sana! Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana pesa, ilipofika nilinunua tenki la lita 1,000, na kwa maji yanayofurika tukachimba mtaro wa kukata mteremko, tukapanda matete ukingoni ili udongo ushike.

Kiangazi kilichofuata, tenki na mapipa yakiwa yamejaa, tulianza kuchota tarehe 1 Julai, lita 40 kwa siku, za vyombo na kufua. Yalitufikisha tarehe 9 Agosti. Baada ya hapo, watoto walirudi kwenye foleni ya bidoni, madumu ya maji.

Mvua ya kwanza ya Septemba, milimita 6, niliiacha ipite nje ya tenki ioshe vumbi la mabati. Mama Neema alikuwa uani kwake, ameinamia kopo lake na rula.